Santuri za roki za mtumba Nairobi: maswali yale yale mnayoniuliza kila wiki

Nimechoka kujibu kitu kimoja mara kumi kwa WhatsApp halafu mtu analalamika eti nimemjibu kwa ufupi. Kwa hivyo nimeyakusanya yote hapa. Ni kuhusu santuri za roki zilizotumika, zile za kina Beatles, Led Zeppelin, Pink Floyd, Stones, Fleetwood Mac na wenzao: bei yake inaendaje, ipi ni ya kuweka na ipi ni ya kusikiza tu. Anza popote. Kama jibu liko kwa swali lingine nitakuelekeza huko, sitarudia.

## Mambo ya mwanzo

Santuri ya roki "ya zamani" ni ya miaka gani?

Hakuna sheria, lakini wengi wakisema hivyo wanamaanisha muziki wa kuanzia katikati ya miaka ya 60 hadi mwanzo wa miaka ya 80. LP ni ile kubwa ya inchi 12 inayozunguka mara 33 na kidogo kwa dakika, Columbia waliitoa 1948. Ile ndogo ya inchi 7 yenye wimbo mmoja kila upande ilitoka mwaka uliofuata kwa RCA Victor, na hapa naiita fotifaivu kama wazee wanavyoiita. Kwa roki, pesa nyingi iko kwa LP. Kwa muziki wa hapa nyumbani ni kinyume kabisa, tutafika huko.

Mzee ametuachia boksi nzima ya santuri. Tumeomoka?

Poleni kwanza kama mzee ametangulia. Sasa ukweli: karibu kila boksi ninaloitwa kuangalia, iwe Buruburu ama Kileleshwa, lina Jim Reeves, Don Williams, Kenny Rogers, Dolly Parton, Boney M., ABBA, James Last, kwaya mbili tatu na santuri ya Krismasi. Hiyo ndiyo Nairobi ilisikiza, na hakuna aibu, lakini hizo zilichapishwa kwa wingi ajabu dunia nzima na wanaozitafuta kwa bei kubwa ni wachache. Jim Reeves alikufa 1964 na mpaka leo bado ananifuata kila nyumba ninayoingia.

Roki ngumu ilikuwa ya watu fulani: wanafunzi waliosoma ng'ambo wakarudi na sanduku, wazungu waliokuwa na kazi hapa, Wahindi wachache wa Parklands na Ngara, na madijei wa zile disko za town, enzi za Florida ya Koinange Street. Kwa hivyo kama mzee alikuwa mmoja wa hao kuna matumaini. Kama alikuwa mtu wa country, weka chai, keti, usikize.

Kabla hujaita mtu yeyote fanya hivi: usioshe kitu, usitoe santuri moja ukaweka kwa kava ya ingine, usitupe karatasi za ndani wala posta. Piga picha kava mbele na nyuma, halafu lebo, ile karatasi ya duara katikati, pande zote mbili. Na zile fotifaivu za muziki wa hapa nyumbani zisizo na kava zilizorundikwa chini ya boksi, zile mnaona kama takataka, usimpe mnunuzi kama nyongeza. Mara nyingi hizo ndizo alikuwa anazikodolea macho tangu aingie.

Si ikiwa nzee ndiyo inakuwa ghali?

Hapana, na hili ndilo kosa namba moja. Umri peke yake hauleti kitu. Vitu vitatu ndivyo vinapanga bei: ni presi gani (yaani ni chapa ipi, ya nchi gani na ya lini), iko hali gani, na kuna watu wangapi wanaitafuta. Kitu cha 1958 ambacho hakuna anayekitaka ni mia moja, na kitu cha 1994 ambacho kilichapishwa kidogo kinaweza kukushangaza, maana miaka ya 90 kila mtu alikuwa amehamia CD na kaseti na santuri zilizotoka wakati huo ni chache sana.

Ni kama soko la mtumba la Gikomba tu. Hakuna anayeuliza shati limevaliwa miaka mingapi, anauliza ni kamera (daraja la kwanza) ama ni fagia (mabaki ya mwisho).

## Bei: zimepanda, zimeshuka, ama vipi

Bei za santuri za roki zinaelekea wapi?

Nikupe historia kwa haraka. Miaka ya 90 watu walikuwa wanazitupa, hapa Nairobi nimeskia za watu kuzikunja kwa moto watengenezee kuku vyombo vya maji, Mungu awasamehe. Kama 2007, 2008 hivi zikaanza kurudi huko Marekani na Uingereza, na Record Store Day, siku ya kusherehekea maduka ya santuri, ya kwanza ikafanywa Aprili 2008. Tangu hapo mauzo yakawa yanapanda kila mwaka. 2020 pesa iliyoingia kwa santuri Marekani ikapita ya CD kwa mara ya kwanza tangu miaka ya 80, na 2022 hata idadi ikapita: kama milioni 41 dhidi ya milioni 33 za CD.

Wakati wa korona ndipo mambo yaliharibika. Watu wamefungiwa nyumbani, pesa ya kwenda konsati haina kazi, wote wakaingia mtandaoni kununua santuri. Februari 2020 kiwanda cha Apollo Masters kule California, mmoja wa watengenezaji wawili tu waliobaki duniani wa zile sahani za lakeri zinazokatiwa muziki, kikaungua. Viwanda vya kuchapisha navyo vikajaa oda. Mpya zikachelewa, kwa hivyo za mtumba zikapanda bei kama nyanya wakati wa mvua.

Sasa hivi? Zimegawanyika mara mbili. Zile za kawaida, yaani kopi ya albamu maarufu iliyochakaa kidogo, zimetulia na ingine zimerudi chini, kwa sababu kila mtu aliyekuwa anaitaka ashapata na kampuni zimechapisha tena mpya. Zile za juu kabisa, presi ya kwanza ambayo ni safi kama ilitoka jana, hazijashuka na sioni zikishuka, maana kila mwaka moja inaanguka, inapasuka, ama inaenda kwa mtu ambaye hauzi. Katikati ndiko kuna maumivu. Mtu alinunua 2021 kwa bei ya juu kopi ya kawaida na leo anataka kurudisha pesa yake. Haitarudi, ndugu yangu.

Albamu iliuza mamilioni, mbona bado inauzwa bei?

Hili nalipenda. Chukua Rumours ya Fleetwood Mac, 1977. Imeuza zaidi ya milioni 40. Kwa akili ya kawaida inafaa kuwa ya bure. Lakini vijana wa leo wanaijua, wanaitaka, na wanaitaka ile ya zamani si mpya. Kwa hivyo kopi ya mtumba ya Rumours ina bei kuliko albamu nzuri ya bendi ambayo ilichapishwa mara elfu chache na hakuna anayeikumbuka.

Sasa linganisha na ile mkusanyiko ya Eagles ya 1976. Ni moja ya albamu zilizouza zaidi Marekani tangu dunia iumbwe, lakini ukienda kwa maduka ya mtumba huko iko kwa kreti ya bei rahisi, kwa sababu aliyeitaka alishainunua kitambo na kijana anasikiza hizo nyimbo kwa simu. Uhaba bila mahitaji ni hewa, na mahitaji bila uhaba yanaleta bei ya wastani. Bei ya kutisha inahitaji yote mawili.

Nimeona kwa Discogs inauzwa dola 400. Si hiyo ndiyo bei?

Hiyo ni bei ambayo mtu anaomba. Mimi pia naweza kuweka sufuria yangu kwa dola 400. Discogs ni tovuti iliyoanza 2000 na ndiyo hifadhi kubwa zaidi ya kumbukumbu za santuri tuliyo nayo, lakini isome vizuri. Ukifungua ukurasa wa santuri, tafuta zile namba za mauzo yaliyopita: ya chini, ya kati, ya juu, na tarehe ya mwisho iliyouzwa. Ya kati ndiyo inakuambia kitu. Ya juu mara nyingi ni kopi moja ya ajabu iliyouzwa 2021.

Halafu hakikisha uko kwa ukurasa sahihi. Albamu moja inaweza kuwa na matoleo mia mbili, na bei za kuanzia shilingi 500 hadi laki. Watu wengi wanaonitumia picha za skrini wamefungua toleo la Uingereza la 1969 na kitu walicho nacho mkononi ni la India la 1978. Angalia sehemu ya presi hapa chini.

Kwa nini bei za Nairobi haziendani na za mtandaoni?

Kwa sababu roki hapa karibu yote imetoka nje, iwe juzi ama 1975, na muuzaji anajua akikuuzia itabidi atafute ingine kwa dola. Mwanzo wa 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, halafu ikashuka hadi karibu 130 mwaka huo huo, na nilitegemea bei za mtaani zishuke nayo. Wapi. Zilipanda na lifti zikakataa kushuka na ngazi.

Upande mwingine, wanunuzi wa roki ngumu mjini ni wachache, karibu tunajuana wote, kwa hivyo kuna siku unapata kitu kizuri kwa bei ya chini kwa sababu muuzaji anaamini Boney M. ndiyo mali. Mimi nilichukua Physical Graffiti kwa 1,500, kava ile ya madirisha yaliyokatwa, na muuzaji akaniongezea Jim Reeves bila kuombwa.

## Presi: hapa ndipo pesa imejificha

Presi ya kwanza ni nini, na nitaijuaje?

Ni zile santuri zilizotoka kwa mara ya kwanza albamu ilipotolewa, katika nchi ya bendi yenyewe. Beatles ni Uingereza, Eagles ni Marekani. Zinapendwa kwa sababu mbili: sauti mara nyingi inatoka kwa tepu ya studio ikiwa bado mbichi, na ni historia.

Mwaka ulioandikwa nyuma ya kava usikudanganye, huo ni mwaka wa haki za muziki na unaendelea kuandikwa hata kwa kopi ya miaka kumi baadaye. Angalia lebo, rangi yake na maandishi ya ukingoni. Halafu shika santuri kwa mwanga, tazama ile sehemu laini kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Kuna namba na herufi zimekwaruzwa pale, hizo ndizo namba za matriksi, na hizo ndizo kitambulisho chake. Zipige picha na tochi ya simu ikiwa upande, si juu. Ukiona baakodi kwa kava ya albamu ya 1971 basi hiyo si presi ya kwanza, baakodi zilianza kuonekana kwa kava karibu na 1980.

Nipe mifano ya alama za kutafuta.

Hizi ndizo ninazoulizwa zaidi, zote za kukaguliwa kwa jicho tu.

Please Please Me ya Beatles, Uingereza, 1963. Kopi za kwanza kabisa zina lebo nyeusi yenye maandishi ya dhahabu, halafu baada ya muda mfupi wakabadilisha kuwa nyeusi na njano. Ile ya dhahabu ya stereo (sauti ya njia mbili, kushoto na kulia) ni ya kuuza gari ununue. Ya mono (sauti ya njia moja) ni nyingi kidogo lakini bado ni pesa.

Led Zeppelin ya kwanza, Uingereza, 1969: jina la bendi kwa kava liko kwa rangi ya samawati-kijani, baadaye likawa la machungwa. Tofauti ya rangi tu, na bei inaruka mara nyingi sana.

Led Zeppelin II, Marekani, 1969: tafuta herufi RL karibu na lebo, pande zote mbili. Ni Robert Ludwig aliyeikata, yaani aliyechonga mifereji ya sahani ya kwanza inayotumika kuchapisha zingine, na aliikata ikiwa na besi nzito mpaka pleya za bei rahisi zikawa zinaruka, kampuni ikaamua ikatwe upya kwa upole. Hizo za RL zina moto ambao ukisikia utaelewa kwa nini watu wanagombana.

The Dark Side of the Moon, Uingereza, 1973: lebo ya Harvest yenye pembetatu ya buluu iliyojazwa rangi. Ikiwa ni mistari tu ya pembetatu, hiyo ni ya baadaye. Na lazima iwe na posta mbili na stika mbili ndani, maana kila kimoja kinachokosekana kinakula bei. Hapa Nairobi sijawahi kuiona na posta zote. Zilibandikwa kwa kuta za hosteli.

Yangu imeandikwa Made in Kenya. Ina maana?

Ina maana kuliko unavyodhani. Nairobi ilikuwa na kiwanda cha kuchapisha santuri tangu miaka ya 50, na miaka ya 70 makampuni makubwa kama EMI, CBS na Polygram yalikuwa na ofisi hapa. Baadaye kaseti za kuibwa zikaua biashara yote. Muziki wa nje ulichapishwa hapa pia, hasa zile zilizokuwa zinauza.

Kwa sauti, presi ya Kenya ya albamu ya roki si lazima iwe bora. Lakini kuna wakusanyaji huko nje wanaotaka kila nchi ya bendi moja, na Kenya ni nchi ambayo wengi hawana. Mtu mmoja wa Ujerumani aliniandikia kwa miezi mitatu akitaka fotifaivu ya Kenya ambayo mimi ningeipa mtu na chai. Kwa hivyo usiidharau, ila usiitishe bei ya Uingereza ya mwaka ule ule.

Za India, zile za Dum Dum kule Calcutta, zimejaa hapa kwa sababu ya familia za Wahindi. Za Beatles zinatafutwa kiasi. Za Afrika Kusini pia zipo, kava huwa nyembamba.

Mono ama stereo?

Kwa roki ya Uingereza kabla ya 1968 hivi, mono ndiyo iliyofanyiwa kazi sana, Beatles wenyewe walikaa studio kwa mchanganyo wa mono wa Sgt. Pepper na stereo wakaachia wahandisi. Baada ya hapo mono ikaisha, ndiyo maana mono ya mwisho mwisho ni chache na ni ghali. Stereo ya mwanzo mwanzo nayo ni ghali kwa sababu watu wachache walikuwa na mashine yake.

Hizi mpya za gramu 180 si ndizo bora?

Uzito si sauti. Kweli santuri nyingi za miaka ya 70 ni nyembamba, hasa baada ya mafuta kupanda bei 1973 maana plastiki yake inatokana na mafuta, lakini kuna nyembamba zinazoimba na nene zilizo bubu. Kinachojalisha ni nani aliikata na kutoka kwa tepu gani. Hata wale wa bei kali waliokuwa wanajisifu, kampuni ya Mobile Fidelity, 2022 ilijulikana walikuwa wanapitisha muziki kwa dijitali wakati wanunuzi waliamini ni tepu moja kwa moja, na kelele zake mpaka leo hazijaisha.

Kwa thamani, toleo jipya likishatoka plastiki yake ni kama gari ikitoka yadi. Nunua usikize.

## Hali na gredi

Herufi hizi NM, VG+, VG zinamaanisha nini?

Ni kipimo cha jarida la Goldmine ambacho karibu dunia yote inatumia. Mint ni haijaguswa. Near Mint imeguswa na mtu mwenye adabu. VG+ ina alama ndogo ambazo hazisikiki au zinasikika kidogo sana. VG inasikika vizuri lakini kuna vumbi la sauti, chak chak hasa kwa sehemu za polepole. G si nzuri hata kama wanaiita nzuri, na P ni ya kutengenezea saa ya ukutani.

Sasa kwa Nairobi, punguza gredi moja kutoka kwa kile muuzaji anakwambia. Si kwamba ni waongo wote, ni kwamba santuri hapa zilichezwa kwa sherehe, zikawekwa juu ya friji, zikachezwa na sindano iliyokwisha miaka mitano. Kamera ya kweli ya roki hapa ni kama mvua ya Januari. Na bei inafuata gredi bila huruma: kopi ya VG mara nyingi inaleta sehemu ndogo tu ya kile NM inaleta, robo, wakati mwingine chini ya hapo.

Inaruka. Naweza kuweka shilingi kumi juu ya sindano?

Tuliweka sote tukiwa watoto, na ndiyo maana santuri za nyumbani ziko hivyo. Uzito ukizidi, sindano inalima mfereji. Kwanza osha, mara nyingi ni uchafu tu. Halafu angalia uzito wa mkono wa pleya umewekwa vizuri. Kama bado inaruka pale pale kila mara basi ni mkwaruzo, na hakuna dawa.

Naioshaje bila kuiharibu?

Maji ya mfereji ya Nairobi yanaacha chumvi yakikauka, kwa hivyo ya mwisho ya kusuuza yawe maji yaliyosafishwa, yale ya betri yanayouzwa petroli stesheni. Hakikisha ni maji kweli na si asidi, uliza mara mbili. Tone la sabuni ya vyombo isiyo na mafuta, kitambaa laini, zungusha kufuata mifereji usikate katikati, lebo isilowe. Kausha ikiwa imesimama, mbali na jua. Spiriti kidogo kwa LP ni sawa, lakini kamwe usiweke kwa zile 78 za zamani, zile nzito za sheleki zinazozunguka mara 78 kwa dakika, zinayeyuka.

Imepinda kwa jua. Itanyooka?

Zile zilizopinda kidogo kama bakuli zinacheza. Watu wanaziweka kati ya vioo viwili na vitabu juu wiki kadhaa na zingine zinanyooka. Oveni na pasi, tafadhali hapana. Na kama ulisahau santuri kwa dashbodi ya gari mchana kwa parking ya Westi, hiyo ni sahani ya matunda sasa. Hewa ya Nairobi kwa jumla ni rafiki wa santuri, tatizo ni Mombasa, za kutoka Pwani nyingi zina ukungu kwa kava.

Kava imeandikwa jina la mtu na "Form 4 West". Inashusha bei?

Ndiyo, inashusha. Lakini mimi binafsi sizifuti. Kujaribu kufuta kalamu kwa kava ya miaka 50 ni kuitoboa.

## Kununua na kuuza hapa mjini

Nitafute wapi?

Kenyatta Market ndiko kwa kuanzia, kati ya harufu ya nyama choma na wasusi wanaokuita. Nenda asubuhi siku ya kazi, si Jumamosi. Town, Melodica pale Tom Mboya Street ni ya kuheshimiwa, ila kule nenda kwa muziki wa hapa nyumbani, roki utapata kwa bahati. Halafu kuna mauzo ya vitu vya nyumba mtu akihama, Karen, Lavington, Runda, huko ndiko nimepata roki safi zaidi, maana mzungu anayerudi kwao hataki kulipia kilo za santuri kwa ndege. Fika mapema na usiulize bei ukiwa umeishika kwa kifua.

Nikague nini kabla ya kutuma M-Pesa?

Fungua kava. Nasema hivi kwa sababu niliumwa. Nilimtumia muuzaji mmoja 6,000 kwa Wish You Were Here, picha nzuri za kava, boda ikaleta, nikafungua, ndani kuna James Last. Nilipompigia akasema "boss, si ulitaka ile ya watu wa kusalimiana?" Alikuwa ananiuzia kava, kwa akili yake. Pesa haikurudi.

Kwa hivyo: lebo ifanane na kava, namba ya orodha, ile ya kampuni iliyochapwa kwa kava na kwa lebo, ifanane, ishike kwa mwanga wa jua uone mikwaruzo, pitisha ukucha juu ya mkwaruzo, ukikwama utasikika. Kama ni albamu mbili hakikisha zote mbili ziko.

Kuagiza kutoka nje kunalipa?

Kwa kitu kimoja cha bei ya juu, ndiyo. Kwa LP ya dola 10, hapana, maana usafiri unaweza kuwa mara tatu yake, halafu ukifika kuna ushuru wa forodha, VAT ya 16% na ada zingine, na hesabu inafanywa pamoja na usafiri. Mkusanyike watu watano muagize boksi moja. Muombe muuzaji atoe santuri nje ya kava aziweke nyuma yake, la sivyo itatokea kwa mshono njiani.

Nataka kuuza. Nitapata bei ya Discogs?

Ukiuza moja moja mwenyewe, kwa subira, karibu. Ukimwuzia mwenye duka boksi lote, tegemea nusu ama chini, na si wizi, yeye ndiye atakaa na Kenny Rogers wako miaka minne. Ushauri wangu ni utoe zile tano ama sita nzuri uuze polepole, zingine uziachilie pamoja.

Hizi pleya za mkoba zinaharibu santuri?

Nyingi zina mkono mzito na sindano ya bei rahisi. Kucheza mara moja hakuui, kucheza kila siku kunakula. Kwa santuri ya 500 endelea. Kwa RL usithubutu.

## Maswali ya pembeni

Zamrock inahesabiwa?

Kwangu inahesabiwa kwanza. Miaka ya 70 vijana wa Zambia walipiga roki ya gitaa chafu kweli kweli: WITCH, Amanaz, Ngozi Family. Lazy Bones!! ya WITCH ilitoka 1975, kopi zilikuwa chache, na leo ya awali ikiwa na hali nzuri inapita Beatles wengi kwa bei. Bendi yao ingine, Musi-O-Tunya, walifanya kazi hapa Nairobi kwa muda, kwa hivyo ukiwa unachimba boksi la mzee usipite haraka majina usiyoyajua. Zimetolewa upya, kwa hivyo kusikiza hakuhitaji laki.

Kuna santuri ambayo kasoro yake ndiyo mali?

Iko. Yesterday and Today ya Beatles, Marekani, Juni 1966: kava ya kwanza walivaa makoti ya bucha na nyama na vidoli vilivyokatwa, watu wakakasirika, kampuni yao ya huko, Capitol, wakairudisha na kubandika picha ingine juu. Ambayo haikubandikwa ni ghali zaidi, iliyobandikwa bado ina bei, na iliyobanduliwa inategemea nani alibandua. Ukipata usijaribu na kisu cha jikoni.

Na White Album yao ya 1968, zilipigwa namba kwa kava. Namba 0000001, ya Ringo Starr mwenyewe, iliuzwa mnadani 2015 kwa dola 790,000. Yako ya 0734512 haihesabiwi hivyo, nimeulizwa hili zaidi ya mara moja.

Niache sacco ninunue santuri?

Hapana. Santuri haitoi gawio, inavunjika, na siku unahitaji karo mnunuzi atakuwa "ananipigia kesho". Nunua kwa pesa ambayo ungekula nyama choma.

Nimepata santuri nzito nyeusi zinazovunjika kama sahani, na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Naweza kuchezea Led Zeppelin yangu hapo?

Usijaribu! Hizo nzito ni 78, za sheleki, na sindano ya chuma ya gramafoni itachonga LP yako mpaka iwe unga kwa mchezo mmoja. Na ukizungusha LP kwa spidi ya 78, Robert Plant, mwimbaji wao, anaimba kama kuku anayefukuzwa.